Dubwi kwenye baraza la duka: uchambuzi wa kisa cha mwenye baa wa Dodoma

Mwenye biashara katika kisa hiki, mama mmoja, ana uwanja mmoja wenye shughuli tatu. Nyuma kuna baa yenye leseni ya vileo. Ubavuni, chini ya paa la mabati, kuna meza ya pool inayoachia mipira kwa koini. Na mbele, upande wa barabara, kuna duka la rejareja linalouza sukari, sabuni, vocha na madaftari. Uwanja huo uko Nkuhungu, jijini Dodoma, na mazingira yake hayatofautiani sana na ya Chang'ombe, Kizota au Veyula, ambako wapangaji, mafundi na wanafunzi wameongezeka tangu Serikali ihamie Dodoma na mji utangazwe kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na pamoja nao zimeongezeka biashara za jioni. Kisa chenyewe nimekiunda kutokana na mambo yanayojirudia katika biashara za aina hiyo, ili hoja zake zijadiliwe bila kumgusa mtu wala kampuni yoyote.

Wakala wa kampuni ya mashine alimfuata mama huyu na pendekezo ambalo wenye baa wengi wamewahi kulisikia. Angeleta mashine mbili za sloti, zile ambazo mtaani huitwa dubwi au bonanza, zinazotumia sarafu ya shilingi 200. Mwenye baa angetoa nafasi, umeme, ulinzi na chenji. Kampuni ingetoa mashine, fundi na leseni. Funguo za sanduku la fedha zingebaki kwa wakala, ambaye angekuja kila Jumatatu kufungua, kuhesabu mbele ya mwenye baa na kumwachia asilimia 30 ya kilichobaki baada ya washindi kupata chao. "Mama, wewe huna kazi yoyote hapo, leseni ni yetu," alimwambia, akampa nakala ya leseni ya kampuni na kumwonyesha stika iliyobandikwa kwenye kila mashine. Makubaliano yote yaliandikwa kwenye karatasi moja, bila namba za mashine na bila kutaja zitasimama wapi.

Miezi ya mwanzo mashine zote mbili zilikuwa ndani ya baa. Baadaye wateja wa mpira walilalamika kwamba moja imekaa karibu mno na televisheni, na wakala akashauri ihamishiwe kwenye baraza la duka, mahali penye wapita njia wengi. Ikahamishwa. Baada ya muda mashine hiyo ya barazani iliharibika, fundi akaichukua na kurudisha nyingine ya rangi na umbo lile lile. Hakuna aliyeandika chochote. Alasiri moja wakaguzi walifika wakati wanafunzi wakirudi kutoka shuleni, wakakuta watoto wawili wenye sare wamesimama mbele ya mashine, mmoja ameshika koini. Mashine ya ndani ya baa ilikaguliwa na kuachwa. Ya barazani ilionekana kuwa na namba isiyolingana na kumbukumbu za mashine zilizoidhinishwa, ikachukuliwa, na mwenye baa akatakiwa kwenda kutoa maelezo. Maswali aliyokwenda nayo ndiyo yanayostahili kujibiwa: kwa nini aandikwe yeye ilhali mashine na leseni si zake, na kwa nini meza ya pool, ambayo nayo hula koini, haikuguswa?

Kinachoifanya mashine kuwa ya kubahatisha

Nianze na swali la pili, kwa kuwa wafanyabiashara wengi hukosea hapo kabla ya kukosea kwingine. Tundu la kuingizia sarafu halifanyi mashine kuwa ya kamari. Meza ya pool inauza muda wa mchezo: mteja anatia koini, mipira inashuka, anacheza, na mwisho wa mchezo meza haimdai wala haimlipi. Ndivyo ilivyo pia kwa mizani ya barabarani, farasi wa plastiki anayebembeza mtoto, na vibanda vya gemu ambavyo vijana hulipia kwa dakika. Vyote hivyo ni burudani au huduma inayolipiwa, na mamlaka inayovihusu kwanza ni halmashauri kupitia leseni ya biashara, pamoja na maagizo ya viongozi wa maeneo, ambao kwa nyakati tofauti wamekataza pool kuchezwa saa za kazi. Wachezaji wakiwekeana dau la fedha juu ya mchezo wa pool, basi kinachochezwa hapo kimekuwa kitu kingine, na mwenye eneo anayenyamaza asidhani kwamba meza itamtetea.

Mashine ya sloti inakutanisha mambo matatu kwa wakati mmoja. Mchezaji anaweka kitu chenye thamani, matokeo yanaamuliwa kwa kiasi kikubwa na bahati, na akishinda anapewa kitu chenye thamani. Ondoa moja kati ya hayo na unabaki na burudani. Yaache yote matatu na umeingia katika eneo la Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, iliyotungwa kama Sheria Namba 4 ya mwaka 2003 kuchukua nafasi ya sheria za bahati nasibu zilizokuwapo tangu miaka ya 1960 na 1970. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyo chini ya wizara inayosimamia fedha, yenye kazi ya kutoa leseni, kukagua waendeshaji na vifaa vyao, na kulinda wachezaji pamoja na watoto. Jina ambalo mwenye mashine ameibandika halina uzito. Nimesikia dubwi likiitwa "gemu ya kupumzisha akili", na haisaidii kitu, maana kinachoangaliwa ni kile kinachodondoka kwenye trei.

Mstari huu kati ya burudani na kubahatisha umesumbua watunga sheria kwingine pia, na mfano wa Texas, nchini Marekani, unafaa kutajwa kwa sababu unaonyesha jinsi ulivyo mwembamba. Huko mashine za burudani zinazotumia sarafu hutozwa kodi ya dola 60 kwa mwaka kwa kila mashine na hubandikwa stika ya kuthibitisha malipo. Sheria yao ya makosa ya jinai inaacha nje ya tafsiri ya kifaa cha kamari mashine inayotoa zawadi ndogo za bidhaa tu, kwa mfano wanasesere, ambazo thamani yake haizidi mara kumi ya bei ya kucheza mara moja au dola 5, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Wenye mashine walijaribu kupita hapo kwa kutoa hati za kununulia bidhaa madukani badala ya fedha taslimu, na mwaka 2003 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikakataa, kwa hoja kwamba hati za namna hiyo zinafanya kazi ile ile ya fedha. La muhimu zaidi kwa msomaji wa Dodoma ni kwamba stika ya kodi ya Texas haiihalalishi mashine ambayo ni ya kamari. Kulipa ada ni jambo moja. Kuruhusiwa kuendesha ni jambo jingine. Hapa kwetu mwenye baa anayedhani kwamba leseni yake ya biashara kutoka halmashauri, au leseni yake ya vileo, inaifunika na mashine ya sloti anafanya kosa la aina hiyo hiyo, isipokuwa kwamba yeye hulifanya bila ujanja wowote.

Leseni ni ya nani, na inafunika nini

Turudi kwenye swali lake la kwanza. Wakala alisema kweli aliposema leseni ni ya kampuni. Biashara ya kusambaza mashine katika maeneo ya watu wengine hupewa leseni anayeiendesha, na mwenye baa hahitajiki kujigeuza kampuni ya michezo ya kubahatisha ili apokee mashine mbili. Lakini maneno yale yalificha zaidi ya yalivyofunua, kwa sababu leseni ya mwendeshaji ni tabaka moja tu. Liko tabaka la eneo: mahali ambapo mashine inasimama lazima pawe pameidhinishwa, na utaratibu unaelekea kwenye maeneo ya watu wazima, hasa baa, kwa kuwa anayecheza lazima awe ametimiza miaka 18. Liko pia tabaka la mashine yenyewe, yenye namba yake, inayotakiwa kuwa miongoni mwa zile ambazo mwendeshaji ameruhusiwa kuzitumia. Leseni ya udereva haithibitishi kwamba gari unaloendesha limesajiliwa wala kwamba barabara unayopita imeruhusiwa, na ndivyo ilivyokuwa nakala ile ya leseni aliyoachiwa mama: ilithibitisha kuwapo kwa kampuni, haikuthibitisha baraza wala namba.

Ndiyo maana mashine mbili za mwendeshaji mmoja, chini ya mkataba mmoja, katika uwanja mmoja, zilipata majibu mawili. Ya ndani ilikuwa na matabaka yote. Ya barazani ilikuwa na la kwanza tu.

Hapa ndipo utetezi wa mwenye baa unapopaswa kugawanywa, na naona wengi hawaugawanyi. Wanasema tu "sikujua" na kuliacha hapo. Alikuwa hajui mambo mawili ya aina tofauti kabisa. Kwanza, hakujua kwamba kuihamisha mashine kutoka baa hadi baraza la duka, hatua chache tu ndani ya uwanja wake mwenyewe, kunahitaji ruhusa. Pili, hakujua kwamba mashine iliyorudishwa na fundi si ile iliyoondoka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayashughulikia mambo hayo katika vifungu viwili mbalimbali. Kifungu cha 8 kinasema kwa ujumla kwamba kutojua sheria si kisingizio cha kukwepa wajibu wa jinai. Kifungu cha 11 kinampa nafuu mtu aliyetenda akiamini kwa dhati, na kwa sababu za msingi, kwamba hali fulani ipo kumbe haipo, ili ahukumiwe kana kwamba hali aliyoiamini ndiyo iliyokuwapo, isipokuwa pale ambapo sheria inayohusika imeiondoa nafuu hiyo, kwa maneno ya wazi au kwa maana yake.

Kuhusu baraza, mama yuko chini ya kifungu cha 8. Alijua mashine iko wapi, alijua ni mahali ambapo watoto hununua madaftari, na aliruhusu kwa kauli yake. Kutokujua kwamba eneo lililoidhinishwa ni baa, wala si kiwanja kizima, ni kutojua sheria. Hata kama angebahatika kukuta hakuna namba iliyokosewa, bado angebaki na tatizo hilo, na pengine ndilo kubwa, kwa sababu ya watoto wawili waliokutwa pale. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, umri ule ule unaozuiwa kwenye mashine, na ofisa yeyote anayeandika taarifa ataanzia hapo. Wakala ndiye aliyeshauri uhamisho, lakini ushauri wa mtu anayelipwa kwa wingi wa koini si ruhusa.

Kuhusu namba, hoja yake ina nguvu zaidi. Mashine ilichukuliwa na fundi wa mwendeshaji mwenye leseni, ikarudishwa na fundi huyo huyo ikiwa na sura ile ile na stika mahali pake. Mtu wa kawaida angeamini ni ile ile. Lakini imani ya dhati peke yake haitoshi. Lazima pia iwe na msingi, na hapo ndipo karatasi yake moja inapomwangusha. Mkataba haukuwa na namba za mashine. Hakuwa na daftari la kuandika mashine imetoka lini, nani kaichukua na ipi imeingia. Swali litakaloulizwa ni hili: ungewezaje kuamini kwamba ni ile ile ikiwa hukuwahi kujua ile ya kwanza ilikuwa ipi? Mtu aliyeandika namba mara moja tu, siku ya kwanza, na kuilinganisha aliporudishiwa mashine, anasimama pazuri zaidi mbele ya kifungu cha 11 kuliko mwenye nakala kumi za leseni ya kampuni.

Kuna hoja nyingine ambayo mama aliitoa kwa uchungu na ambayo siikubali, kwamba yeye alikuwa mwenye nyumba tu. Mwenye nyumba hupokea pango, mashine ichezwe isichezwe. Yeye alipokea sehemu ya makusanyo, alivunja noti za wachezaji kuwa koini kutoka kwenye mfuko uliokuwa chini ya kaunta, aliwasha mashine asubuhi na kuizima usiku, na alishuhudia hesabu za kila wiki. Kwa mtazamo wa mkaguzi, huyo ni mshiriki wa uendeshaji, na sioni namna ya kumshawishi vinginevyo. Kwa kweli, kati ya hayo yote, mfuko wa koini ndio unaosema zaidi, kwa sababu bila chenji ya kaunta mashine ile isingekula chochote.

Fedha za mgao

Suala la kodi halikuibuliwa siku ya ukaguzi, ila lilijitokeza maelezo yalipokuwa yakiandaliwa. Tangu mwaka 2017 kodi ya michezo ya kubahatisha imekuwa ikikusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania badala ya Bodi, na anayedaiwa ni mwendeshaji. Mama alichukulia kwamba fedha ikishakatwa huko juu imemalizana na Serikali, kwa hiyo asilimia 30 yake hakuwahi kuiingiza kwenye mauzo. Sivyo. Kodi ya mwendeshaji ni ya mwendeshaji. Mgao wa mwenye eneo ni pato la mwenye eneo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mashine ikiingiza sarafu 1,000 kwa wiki ni shilingi 200,000. Washindi wakiondoka na shilingi 140,000, kinabaki shilingi 60,000, na asilimia 30 yake ni shilingi 18,000. Kwa wiki moja ni fedha ya kununulia maji na mkaa, na ndiyo maana watu hawaiandiki. Kwa mwaka, kwa mashine mbili, inakaribia shilingi milioni 1.9, kiasi ambacho kwa mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kwa makadirio ya mauzo kinaweza kumsogeza daraja. Isitoshe, namna mkataba unavyolitaja pato hilo ina matokeo. Likiitwa pango, suala la kodi ya zuio, ile inayokatwa na mlipaji kabla hajakulipa, linaingia na pato linaanza kuonekana kama la uwekezaji. Likiitwa malipo ya huduma, linabaki ndani ya biashara yake pamoja na bia na sabuni. Karatasi yake ilisema "fungu la mama". Hakuna ofisa wa kodi anayeweza kufanya lolote na neno hilo, na atakayeteua tafsiri hatakuwa yeye.

Alichokifanya

Maelezo yake aliyaandika katika sehemu mbili, kama nilivyozigawanya hapa. Juu ya eneo hakujitetea. Alieleza tarehe ya uhamisho kadiri alivyoikumbuka, nani aliupendekeza, na kwamba mashine haitarudi barazani. Juu ya namba alieleza mwenendo wa matengenezo na akaomba mwendeshaji atakiwe kuleta kumbukumbu za fundi wake, kwa kuwa ndiye aliyejua namba zote mbili. Ombi hilo lilikuwa la busara, kwa sababu lilihamisha mzigo wa kueleza kwa mtu mwenye uwezo wa kueleza. Wakala, aliyekuwa mwepesi wa simu siku za kuleta mashine, alianza kuchelewa kupokea; baadaye kampuni ilikiri kwa barua kwamba mashine ya pili ilitoka eneo jingine na ilipelekwa kwake kabla ya taarifa kutolewa. Barua hiyo ilimpunguzia mengi upande wa namba. Upande wa baraza na watoto haikumsaidia kwa lolote, na shauri hilo aliendelea kulibeba mwenyewe.

Kwa mashine iliyobaki ndani ya baa alidai mkataba mpya kabla ya kuruhusu sanduku lifunguliwe tena, na hapa alipata nguvu ambayo hakujua anayo, kwani mwendeshaji aliyebakiwa na mashine moja katika eneo zuri hapendi kuipoteza. Mkataba huo unataja namba ya mashine, unataja kwamba itasimama ndani ya baa yenye leseni ya vileo na si kwingineko, na unamtaka mwendeshaji alete kibali cha eneo hilo chenye jina la biashara yake, si nakala ya leseni ya kampuni peke yake. Mashine haitolewi wala haiingizwi bila kusainiwa kwenye daftari lililo kaunta, likionyesha namba ya inayotoka na ya inayoingia. Hesabu ya kila Jumatatu inaandikwa kwa nakala mbili, ikianzia kwenye usomaji wa mita ya mashine, si kwenye rundo la koini mezani. Mgao umeandikwa kuwa malipo ya huduma. Kipo pia kifungu kinachosema kwamba faini inayotokana na mashine isiyoidhinishwa italipwa na mwendeshaji. Kifungu hiki kinafaa kati ya wao wawili, lakini hakimfungi mkaguzi wala mwendesha mashtaka, na alipaswa kuelewa hivyo kabla ya kusaini.

Alitaka pia kuongeza sharti kwamba wakala alipe gharama ya mhudumu wa kuzuia watoto mlangoni. Kampuni ilikataa. Naona ilikuwa sahihi kukataa, kwa kuwa kumzuia mtoto asiingie baa ni wajibu ambao mwenye leseni ya vileo alikuwa nao tayari, kabla dubwi la kwanza halijaletwa. Badala yake alifunga mlango mdogo uliokuwa ukiunganisha duka na baa, ambao watoto waliutumia kuchungulia mpira. Wateja wa sukari sasa wanahudumiwa dirishani, na kampuni imeshaulizia mara moja kama nafasi ya barazani ingefaa kuwekwa meza ya pili ya pool. Amewajibu walete kwanza barua ya kibali cha mashine ya ndani.